Bangili ya Mashine ya Napia

Mimi majina ya watu sisahau. Yule aliyetuletea bangili namjua kwa jina lake la ubatizo, la nyumbani, la baba yake, na la mama yake aliyekuwa akiuza mitumba pale Githurai 45, mwanamke mwenye heshima zake. Siyaandiki. Si kwamba namsitiri. Jina mtu hupewa na wazee wake, na sioni kwa nini wazee wa watu waaibishwe kwa ajili yake. Nitamwita mkubwa wa ofisi, maana ndivyo alivyojiita mwenyewe, na ofisi yenyewe ni chumba kimoja Ruiru juu ya duka la mabati, ngazi ikiwa nje kama ya banda la kuku.

Alikuja kwetu nje ya Thika, kwenye ukumbi wa ushirika wa maziwa, amevaa viatu vyeupe vilivyochongoka mbele. Mtu anakuja kwa wafugaji na viatu vyeupe. Hapo tu ningeinuka niende zangu, lakini mjukuu wangu, mtoto wa kifungua mimba wangu, yule aliyebeba jina langu, ni fundi katika ofisi hiyo. Nikakaa kwa ajili yake, ingawa siku hiyo mwenyewe alikuwa ameachwa Ruiru na nyaya zake.

Mashine ya kukata napia, yale majani marefu ya ng'ombe, huku kwetu kila boma linayo. Ina mdomo wa bati, ndani magurudumu mawili yenye meno yanayovuta, nyuma yake visu. Ukilisha napia inavuta napia, ukiingiza mkono inavuta mkono, haichagui. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa kayaba aliacha vidole humo, vya mkono wa kulia, akabaki na gumba na kile cha mwisho. Sasa anakamua kwa kushoto na ng'ombe wake hawampendi.

Bangili ilikuwa ya plastiki, kama saa isiyo na uso. Unaivaa, na mkono wako ukikaribia mdomo wa mashine kuliko inavyofaa, bangili inakiita kisanduku kilichofungwa kwenye mota, bila waya, kwa hewa tu, na kisanduku kinakata stima na kukaza breki. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini watu hawa hawawezi kutengeneza kitu kikawa na kazi moja. Kisanduku kikawa pia kinaongea na simu ya mwenye mashine, kinamwambia leo umekata napia kiasi gani, visu vimeanza kuwa butu au bado, na kumwonyesha picha ya ng'ombe anayecheka. Nimefuga ng'ombe tangu sijaota meno ya utu uzima na sijamwona aliyecheka. Na nikiwa nimepanga napia mwenyewe kwa mikono yangu, simu itaniambia nini kuhusu napia?

Kabla ya lolote tukaambiwa tuzime simu tuombe. Mwenyekiti wa ushirika ni mzee wa kanisa na anapenda maombi kama wengine wanavyopenda supu. Kwake si kunyamazisha simu, ni kuzima kabisa, kwa sababu kuna wakati simu ya mtu ililia wimbo wa baa katikati ya maombi na mwenyekiti hajapona mpaka leo. Mkubwa wa ofisi, ili aonekane ana hofu ya Mungu, akainua simu yake juu tuione ikizima. Mwenyekiti akaomba. Aliombea ng'ombe, serikali, mvua, vijana, akarudi kwa ng'ombe. Aliposema Amina, mashine ikawashwa hapo hapo. Karoti iliyovishwa glavu ya mpira, bangili ikifungwa kwenye glavu, ikasukumwa ndani kwa fimbo. Mashine ikakata sauti na kusimama. Karoti ikatolewa nzima. Wakarudia, nzima. Watu wakapiga makofi, na jirani yangu akatazama ule mkono wake, nikaangalia pembeni.

Bangili ya kwanza ya majaribio ikaletwa kwangu, kwa sababu ya mjukuu. Kwangu mashine hulishwa na mke wa kitinda mimba wangu. Ni mchapakazi, hilo nitalisema mbele ya yeyote, lakini akipewa kitu kipya ni kama mtoto wa Krismasi. Tangu aolewe alikuwa akisukuma napia kwa kijiti kirefu cha mgrevilea, nilivyomfundisha. Bangili ilipokuja kijiti kikalala. Sasa anasukuma kwa kiganja, tena anatazama kando, simu ndani ya mfuko wa aproni ikiimba nyimbo za injili na kumpokelea habari za ng'ombe anayecheka. Wanawake wakipita anainua mkono waione. Nikamwambia arudishe kijiti.

Akanijibu polepole, akiniita mama kwa adabu ile inayouma, "Maitu, hii inaona kuliko wewe."

Macho yangu yana ukungu, hakusema uongo. Lakini kila alasiri mashine ikinguruma nilikuwa nahesabu sauti yake moyoni, na ikisita kidogo damu yangu nayo inasita.

Ndipo goti likanipeleka Ruiru. Daktari wa goti yuko huko, naye sitamsema, alinishika goti kama anachagua parachichi. Nikalala kwa mjukuu, na mchana hakutaka nibaki peke yangu kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne, huko ambako jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani. Akanipandisha ile ngazi ya kuku, akanipa kiti ofisini kwao.

Nilikuwa nimedhani ofisi ya vitu vya hewani itakuwa na kitu cha kutazama. Ni vijana wamevaa vidude vya masikioni, kila mmoja ameinamia kompyuta yake, hawasalimiani. Mmoja alipita mbele yangu mara kadhaa kwenda kuchemsha kahawa bila hata kusema shikamoo wala sasa wala niaje. Mama yake namjua. Anaimba kwaya.

Mjukuu ndiye aliyekuwa anafanya kazi. Mbele yake kilikuwa kitelevisheni kidogo kisichoonyesha habari wala mahubiri, mistari tu miwili ya rangi. Bangili ikiita, mstari wa juu unaruka. Kisanduku kikikata stima, mstari wa chini unaruka. Nafasi iliyo kati ya kuruka huku na kule ndiyo muda wa kuchelewa, vipande vya sekunde vidogo hata huwezi kupepesa jicho. Akabonyeza, akapima, akabonyeza, akapima. Nikamuuliza kama amesoma miaka yote ile kwa ajili ya kutazama mistari ikiruka.

Akacheka, akanieleza. Ndani ya kisanduku kuna prosesa, ni kama mtu mmoja katika nyumba yenye kazi nyingi. Bangili inapoita, inabidi aache alichoshika aje. Yeye alikuwa anapima muda kutoka kuitwa mpaka kuinuka. Nikamwambia huyo mtu namjua, nimeshamwajiri mara nyingi, anaitikia naam toka jikoni na haji.

"Ndiyo huyo huyo, cucu," akasema. "Na kuna kazi akizishika anaziba masikio kabisa ili asizikosee. Shida ni kujua ni kazi gani, na anaziba kwa muda gani."

Kwa sababu shida ilikuwapo. Mara nyingi mistari ile ilikaribiana kama pua na mdomo. Halafu, pasipo kutazamia, wa chini ulikuwa unachelewa unaenda mbali, mbali hata kwa macho yangu haya. Mjukuu alikuwa ameitafuta sababu hiyo mpaka amekonda. Mkubwa wa ofisi akaja kusimama nyuma yake na kikombe, akatazama, akasema ile ya mbali ni kelele za nyaya zake mbovu. Aitoe, achukue zilizobaki apige wastani, aandike wastani kwenye karatasi ya wanunuzi. Kwenye kumbi zote, akasema, mashine imesimama kila mara. Kule inafanya, hapa kwenye meza yake inakataa. Sasa mbaya ni nini, kisanduku ama meza?

Wastani. Nilitoka shule darasa la tatu, lakini neno hilo nalijua, ndilo ushirika hutumia kutupunja. Nikamuuliza, mimi mwenye kiti cha pembeni, huo mkono utakaoingia siku ile mstari uko mbali, nao atautoa kwenye hesabu?

"Shosho," akaniambia, akinikenulia, "hizi ni mambo za teknolojia. Wewe pumzisha goti."

Akanywa kahawa yake. Mstari wa chini ukaruka mbali tena, yeye akiwa amesimama pale pale.

Alipoondoka kwenda kula, mistari ikakaa vizuri. Mjukuu akaweka kichwa mezani. Akaniambia huenda kweli ni meza yake, maana kwenye ukumbi kweli haikukosea. Akaniomba nimweleze siku ile ilivyokuwa, kwani yeye hakuwapo. Sasa mimi ukiniambia nieleze, naeleza. Nikaanza na nani alikuja wa kwanza na nani alikaa na nani na nani hawasalimiani. Nikamsengenya mwenyekiti na maombi yake, jinsi alivyorudi kwa ng'ombe mara ya pili tukidhani amemaliza, na jinsi huyu wa viatu vyeupe alivyoinua simu yake juu tuione ikizima kama anatoa sadaka.

Akainua kichwa. "Aliizima? Yake pia?"

Nikamwambia yeye na sisi sote. Ndiyo desturi ya mwenyekiti.

"Akaiwasha lini?"

Nikafikiri. Baada ya karoti. Aliiwasha baada ya karoti ili apige picha za watu wakipiga makofi.

Akaniuliza kama kwenye kumbi nyingine nako huanza kwa maombi. Nikamwambia mtoto wangu, wewe umekulia wapi? Ni mkutano gani wa wafugaji huku unaanza bila maombi?

Akachukua simu yake mwenyewe, akaiunganisha na kisanduku, ng'ombe akatokea anacheka. Akabonyeza. Mstari wa chini ukaenda mbali. Akabonyeza tena na tena, mara ukaja karibu, mara ukaenda mbali, na mara moja ukatoka nje ya kitelevisheni kabisa, hatukuuona. Akazima simu. Mistari ikakaa pua na mdomo, yote. Akawasha, ikaharibika. Basi ilikuwa hivyo. Kisanduku kikiwa kinaihadithia simu habari za napia, kinaziba masikio, na bangili inaweza kuita mpaka ikauke koo. Kwenye kumbi zote watu wa Mungu walikuwa wamezima simu, kisanduku hakikuwa na wa kuongea naye, kikabaki kinasikiliza. Na hapo mezani kilikuwa kinaharibika kila mkubwa alipokaribia, kwa sababu simu yake ilikuwa mfukoni, imeunganishwa tangu asubuhi. Kelele alizokuwa anazitafuta kwenye nyaya za mtoto wa watu zilikuwa kwenye suruali yake.

Ningecheka. Lakini nikatazama dirishani, jua lilikuwa limeshageuka, na hiyo ndiyo saa ya mkwe wangu kukata napia. Simu kwenye aproni, inaimba. Kiganja.

Nikatoa simu yangu nimpigie. Mjukuu akanishika mkono.

"Usimpigie, cucu. Italia, atainama kuitafuta mkono ukiwa ndani."

Nadhani hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli, kuona hata kumwambia mtu ajihadhari kunaweza kumkata. Nikampigia jirani wa ng'ambo ya ua. Yeye hauliziulizi. Nikamwambia apite kwenye ua, asimwite, aende moja kwa moja kwenye swichi kubwa ukutani aishushe. Akaacha simu wazi. Nikasikia pumzi zake, kayaba zikimkwaruza, nikasikia mashine inakuja karibu, inakuja, na nyimbo za injili chini yake. Halafu kukawa kimya, na mkwe wangu akaanza kumtukana jirani, mama wa watu. Alikuwa anatukana kwa nguvu za mtu mzima mwenye vidole vyake vyote. Nikakaa chini.

Jioni ile mjukuu alimwonyesha mkubwa mistari, simu ikiwashwa na simu ikizimwa. Hakukataa kwamba anaona. Alichosema ni kwamba hawezi kuondoa mambo ya simu, kwa sababu wanunuzi wanapenda ng'ombe anayecheka, mkono uliopona haupigwi picha. Wataandika kwa herufi ndogo kwamba simu ikae mbali na mashine. Mjukuu akamwambia mashine ikinguruma kisanduku kisiongee na mtu, kisikilize bangili peke yake, na kipimo kinachoandikwa kiwe kile kibaya kuliko vyote. La sivyo jina lake lisiwekwe kwenye karatasi hiyo. Jina lake, yaani langu. Mkubwa akasema hiyo ni ya mezani, twende kwenye mashine yenyewe tuone. Alijiamini. Bado alikuwa anaamini kumbi zake.

Kesho yake tukaja kwangu wote. Mkwe wangu alinisalimia mimi kwa baridi na mkubwa wa ofisi kwa chai. Alikuwa amekasirika kwamba nimemletea jirani kumzimia stima kama mwizi, na akanitamkia mbele ya wageni kwamba sijawahi kufurahi yeye akipata kitu. Nikamwacha. Karoti ikavishwa glavu, bangili ikafungwa.

Mkubwa wa ofisi, amesimama mlangoni pa banda, akakunja mikono mbele, akainamisha kichwa. "Tuanze na neno la maombi," akasema, na mkono ukaenda mfukoni kwa simu.

Sijui kama alijua anachokifanya au ilikuwa mazoea tu. Nimeliwaza sana na sijampa nafuu ya jibu.

"Tutaomba simu zikiwa wazi," mjukuu akamwambia. "Mungu anatusikia hivyo hivyo."

Mkubwa akaomba kwa ufupi kuliko mwenyekiti. Mkwe wangu simu yake ilikuwa kwenye aproni, inaimba, kama kila siku. Mjukuu akasukuma glavu kwa kijiti. Karoti ya kwanza ikatoka nzima, na mkubwa akatutazama kila mmoja kwa zamu. Ya pili nayo nzima. Mkwe wangu akaguna, akanitazama mimi. Ya tatu magurudumu yakaikamata, yakaivuta, nikasikia visu vikibadilisha sauti, halafu mashine ikasimama. Ikasimama vizuri sana, imechelewa tu. Nyuma, juu ya napia, vilikuwa vimelala vipande vya karoti vya mviringo, kama vya kachumbari, kila kimoja na pete ya mpira mweupe.

Mkwe wangu akapiga magoti, akachambua vipande vile kutoka kwenye napia, kimoja kimoja, maana glavu si chakula cha ng'ombe. Alikuwa anavitia kwenye kiganja kile kile.

Mkubwa wa ofisi akakohoa. Akasema karoti ni nyembamba, mkono una mifupa, magurudumu yangekwama kwanza, bangili ingepata muda. Akasema hata hivyo mbili kati ya tatu si mbaya kwa kitu cha majaribio. Alisema maneno mengine pia, ya Kiingereza, ambayo mjukuu hakutaka kunitafsiria.

Mkwe wangu akainuka. Akafungua bangili kwenye ile glavu iliyobaki nusu, akaipangusa kwa aproni, akamnyoshea mkubwa wa ofisi.

"Vaa," akasema. "Simu yako iwe wazi. Napia ile pale, mlishe ng'ombe mmoja tu, tukuone."

Akacheka, yule mtu. Alicheka akatazama kama kuna mwingine anacheka. Akasema mama, mimi si mtu wa ng'ombe, viatu vyenyewe unaviona. Bangili ilikuwa bado imenyoshwa hewani kati yao. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeingia mifukoni, nusura mpaka viwikoni, na hakuitoa.

Mkwe wangu akamtazama mifukoni, akaiweka bangili juu ya viatu vyake vyeupe, pale kwenye ncha, taratibu kama anaweka kikombe.

"Basi toka hapo mlangoni," akamwambia. "Ng'ombe wana njaa."